Kukausha Kuni za Jiko la Nyumbani Kisiwani Pemba

Kila mwaka masika yanapoingia, katika nyumba nyingi za huku kwetu Konde husikika malalamiko yale yale: jiko haliwaki, macho yanawasha, chai imechelewa na watoto wanataka kwenda skuli. Lawama hupewa mvua, ilhali kosa lilifanyika miezi mitatu nyuma, pale magogo yalipoachwa mazima chini ya mwembe na mwenye nyumba akaamini kwamba jua la Januari lingeyakausha lenyewe. Nimechanja na kupanga kuni kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu inaniuma kuona mama anakohoa jikoni kwa jambo ambalo lingeweza kuepukwa kwa shoka, mahali penye upepo na kuanza mapema.

Maji yaliyomo ndani ya ukuni

Mti uliokatwa leo hubeba maji mengi kuliko mtu anavyodhani, na mara nyingi nusu ya uzito wake, au karibu na hapo, ni maji matupu. Tuchukue ukuni mbichi wa kilo 2 ambao nusu yake ni maji. Ukikauka mpaka maji yabaki asilimia 20 ya uzito wake wote, kiwango ambacho kuni huhesabiwa kuwa tayari kwa jiko, ukuni ule utakuwa na uzito wa kilo 1 na robo, maana yake gramu 750 za maji zimeondoka. Hayo ni maji ya kujaza chupa moja na nusu za nusu lita, kutoka katika ukuni mmoja tu. Usipoyaacha yatoke kwa upepo, utalazimika kuyatoa kwa moto, na moto huo utakuwa umekatwa kutoka katika chakula chako.

Gharama yenyewe si ndogo. Joto linalohitajika kuligeuza lita moja la maji yaliyomo ndani ya ukuni kuwa mvuke lingetosha, kama lisingepotea njiani, kuchemsha zaidi ya lita nane za maji ya kisima. Ndiyo maana mwenye kuni mbichi huchoma mzigo mzima pale ambapo mwenziwe amepika kwa nusu mzigo. Tena maji hayo huupoza moto, na moto uliopoa hauwezi kuunguza hewa zote zinazotoka katika kuni, kwa hiyo hewa hizo hupanda zikiwa moshi mzito unaowasha macho na kupaka masizi katika paa na vyungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na uchafu wa hewa wa majumbani, utokanao na majiko ya namna hii, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kuni kavu haziondoi moshi wote, lakini tofauti yake huonekana kwa macho siku ya kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, kwa kuwa kisiwa chetu kimezungukwa na bahari. Ukuni hauwezi kukauka kupita pale ambapo hewa yenyewe inauruhusu. Unyevu wa hewa ukiwa kiasi cha asilimia 80, ukuni uliokaa kivulini kwa muda mrefu hutulia kwenye asilimia 14 hivi za maji na hauendelei chini ya hapo. Kiwango hicho kinatosha kabisa, na asiambiwe mtu kwamba lazima kuni zikae mwaka mzima ndipo zifae.

Kaskazi ndio msimu wake

Wazee waliohesabu mwaka kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kutoka Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jadi, walijua siku ya kupanda na siku ya kukata, na katika shughuli ya kuni hesabu ni nyepesi. Mvua za vuli zikishapungua mwezi wa Disemba, upepo wa kaskazi hushika, nao huendelea mpaka mwanzo wa Machi. Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye jua kali na mvua chache, na ndiyo miezi ya kukaushia. Kwa hiyo kata na kuchanja mwishoni mwa vuli, ziache kuni katika upepo kaskazi yote, na uziingize chini ya paa kabla ya katikati ya Machi, hata kama mawingu bado hayajaonekana. Anayesubiri tone la kwanza la masika amekwisha chelewa, kwa sababu mvua ya siku tatu mfululizo hurudisha maji mengi katika kuni zilizo wazi.

Kipupwe, kuanzia Juni, hutoa nafasi ya pili, lakini huku Pemba manyunyu hayakatiki kabisa na jua si kali, kwa hiyo kuni zilizochanjwa wakati huo huhitaji muda mrefu zaidi na kifuniko kizuri cha juu.

Ili ujue kiasi cha kuandaa, hesabu kuni unazotumia kwa siku katika juma moja la kawaida. Nyumba inayotumia kuni 8 kwa siku itahitaji kuni 720 kwa siku 90 za mvua, na hapo hujaweka akiba ya wageni, msiba au khitma.

Mti upi, na uukate vipi

Mvinje ndio ninaoupenda kuliko yote. Ukuni wake ni mzito, moto wake ni mkali, kaa lake hudumu, na huwaka hata ukiwa bado na ubichi kidogo. Kasoro yake ni kwamba ukishakauka hugeuka mgumu mno, kwa hiyo lazima uchanjwe mbichi, ndani ya juma la kukatwa. Mkeshia, unaopandwa kwa ajili hiyo hiyo ya kuni, hukauka vizuri na ni mwepesi kuchanja. Mkarafuu uliokufa hutoa kuni ngumu za kudumu, ila mkarafuu ulio hai haukatwi hivi hivi, kwani ni mali inayolindwa na sheria, na hata ule uliokufa ni vyema ukaulizia kwanza kwa sheha.

Mwembe huchanjika kwa urahisi lakini ukinyeshewa huoza haraka na bungua huupenda, kwa hiyo ukishauchanja usiuache nje hata usiku mmoja wa mvua. Utomvu wake, kama ule wa mkorosho, huwasha ngozi ya baadhi ya watu, basi vaa nguo za mikono mirefu. Mnyaa usiusogeze jikoni kabisa, kwani maziwa yake yakiingia machoni huleta madhara makubwa. Mikoko huwaka vizuri sana, na ndiyo sababu imekatwa kupita kiasi, lakini inashikilia ufukwe na ni mazalio ya samaki, na kuikata kunahitaji kibali. Mimi sinunui kuni za mkoko hata zikiletwa mlangoni.

Shina la mnazi lina nyuzi zinazofyonza maji kama sifongo, na si kuni ya kutegemea. Sehemu nyingine za mnazi, hata hivyo, ni hazina: makuti makavu na makarara kwa kuwashia, makumbi kwa moto wa taratibu, vifuu kwa moto mkali wa haraka. Mbao za ngalawa au mashua kuukuu zilizopakwa rangi ziachwe, kwa sababu moshi wa rangi na dawa za mbao una sumu, na kuni zilizolowa maji ya bahari hula chuma cha jiko.

Sasa kukata. Maji hutoka katika ncha za ukuni kwa kasi ya mara 10 hadi 15 kuliko yanavyotoka ubavuni, kwa kuwa mishipa iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini huishia hapo penye ncha. Ukiufahamu ukweli huu, kazi nyingine yote inafuata. Kuni fupi hukauka upesi kuliko ndefu, basi kata vipande vya shubiri mbili, takriban sentimita 45, urefu ambao pia unaingia vizuri katika jiko la mafiga na jiko banifu la udongo. Gome nalo limeumbwa kuzuia maji yasipotee, na gogo la mviringo lenye gome lake lote laweza kukaa kaskazi nzima likiwa limekauka nje na bichi ndani. Kuchanja ndiko kunakolifungua.

Simamisha kipande juu ya kigogo kipana, kisicho kirefu kupita magoti yako, na ukiangalie usoni kabla ya kuinua shoka. Penye ncha utaona nyufa ndogo zinazoanzia katikati na kutawanyika kama miale. Chagua ufa mmoja uliofika ukingoni, na upige hapo ukingoni, kwa sababu ukipiga katikati shoka hunasa na mkono huumia. Kipande kikinyumbuka bila kuachana, kigeuze na upige upande wa pili katika mstari ule ule. Penye fundo la tawi usipapige uso kwa uso. Chanja pembeni yake, na fundo lenyewe ulitenge kwa moto wa kuchemsha maharage, ambao hauna haraka. Gogo nene la mvinje litahitaji kabari ya chuma na nyundo. Simama miguu ikiwa imeachana, vaa viatu, si ndara, na watoto wakae mbali, kwani kibanzi kinachoruka hakimwoni mtu.

Unene unaofaa jiko la nyumbani ni wa kifundo cha mkono, kiasi cha sentimita 5, na kwa shughuli za masufuria makubwa unaweza kuachia mara mbili ya hapo. Fimbo nyembamba zinazotoka uwandani hazihitaji kuchanjwa, ila kila moja ibanduliwe ukanda mmoja wa gome kutoka ncha hadi ncha kwa panga. Kazi hiyo huchosha, lakini mzigo uliobanduliwa hukauka mapema wazi wazi kuliko usiobanduliwa.

Kupanga katika upepo

Watu wengi hutafuta jua, na jua lina msaada wake, lakini kinachoyabeba maji na kuyaondoa ni upepo. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na tofauti kati ya pahala na pahala ni kubwa. Kuni zilizopangwa chini karibu na bonde la mpunga, ambako ukungu hulala mpaka saa mbili asubuhi, huchelewa sana nyuma ya zile zilizopangwa juu mgongoni mwa kilima. Tafuta basi pahala palipoinuka, pasipozibwa na migomba, na upange safu yako ili ubavu wake mrefu uelekee upepo unakotoka, ambao wakati wa kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki.

Kuni zisiguse ardhi. Laza magogo mawili sambamba, au matofali, au mawe, ili safu iinuke shubiri moja kutoka chini, na upepo upite uvunguni. Ardhi hutoa unyevu usiku kucha, na mchwa hawahitaji zaidi ya siku chache kupanda. Ukiona vijia vyao vya udongo juu ya mawe, vifute na umwage majivu kuzunguka miguu ya safu.

Panga safu moja moja, kwa upana wa ukuni mmoja. Kila ncha ya safu ijengewe nguzo kwa kuweka kuni tatu kwenda huku na tatu kwenda kule, zikikatana, ili safu isiporomoke, kisha katikati laza kuni bila kuzibana. Kipimo ninachotumia ni panya: nafasi iwe ya kutosha panya kupita, isitoshe paka anayemfukuza. Ukuni wenye gome upande mmoja uulaze gome likiwa juu, kwani hulikinga tone la mvua. Kati ya safu na ukuta acha shubiri moja, na kati ya safu mbili acha nafasi ya mtu kupita. Safu isizidi kimo cha kifua chako.

Kifuniko kiwe cha juu tu. Bati kuukuu lenye mteremko au makuti mawili matatu yaliyofungwa vizuri yanatosha, yakitokeza pembeni kwa upana wa kiganja. Nimeona watu wakizifunika kuni kwa turubai la plastiki kutoka juu hadi chini kwa nia njema kabisa, na baada ya majuma matatu wamekuta ukungu mweupe na uyoga, kwa sababu maji yaliyotoka katika kuni hayakupata njia ya kwenda. Katika msimu wa karafuu, weka safu mbali na majamvi ya kuanikia, ili wapita njia wenye mizigo ya kuni wasikanyage mali ya watu.

Kwa kupanga hivyo katika kaskazi, kuni za mkeshia na mwembe zenye unene niliousema huwa tayari kwangu baada ya majuma sita hadi manane, na zile nzito za mvinje na mkarafuu baada ya miezi mitatu hivi.

Kujua kama zimekauka

Njia ya uhakika kuliko zote ni mizani. Chagua kuni tatu kutoka katikati ya safu siku unayoipanga, zipeleke dukani zikapimwe, na uandike uzito wa kila moja kwa kalamu penye ncha yake. Rudia kila baada ya majuma mawili. Mwanzoni uzito utashuka kwa kasi, baadaye polepole, na utakapokuta vipimo viwili vinafanana, ukuni umefika pale hewa inapouruhusu kufika.

Bila mizani, gonganisha kuni mbili. Mbichi hutoa mlio mzito uliokufa, kama mtu anayegonga mgomba, na kavu hutoa mlio mkali unaosikika upande wa pili wa uwanja. Angalia ncha: ziwe na nyufa, rangi iwe imefifia, gome libanduke kwa kidole. Ukibaki na shaka, pasua ukuni mmoja na uweke upande wa ndani shavuni. Uso wa ndani ukiwa wa baridi na unyevunyevu, rudisha safu katika upepo. Na ukuni ukishaingia motoni, wenyewe husema: mbichi hulia na kutoa povu penye ncha.

Kipimo hicho cha kupasua nilikijua kwa gharama. Mwaka mmoja, kwa harusi ya nyumbani kwetu, nilinunua gari zima la ng'ombe la kuni kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba zimekaa tangu kipupwe. Ncha zilikuwa na nyufa nzuri, nami nikaridhika. Alfajiri ya siku ya shughuli wapishi walipoziwasha, ndani zilikuwa bichi, moshi ulijaa uwanja mzima, na wali wa sufuria mbili ulitoka chini umeungua na juu una kiini. Mama zangu walipepea mpaka adhuhuri, macho mekundu, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu kwa maneno. Tangu siku hiyo silipi fedha kabla sijachagua ukuni mmoja mnene kutoka chini ya mzigo, si ule ninaopewa mkononi, na kuupasua mbele ya muuzaji.

Ndugu zetu wanaoishi nchi za baridi, ambako kuni huchomwa katika majiko ya chuma kupasha nyumba joto, wanafuata kanuni hizi hizi, ila muda hurefuka: kuni ngumu huko huhitaji kiangazi kimoja au viwili. Hatari yao pia ni kubwa zaidi, kwa sababu moshi wa kuni mbichi huganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo ikishika moto yaweza kuunguza nyumba. Huko England, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa kiasi cha chini ya mita 2 za ujazo lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20.

Kuzitunza katika masika

Kuni zikishakauka, zihamishie bandani mahali penye paa na pande mbili zilizo wazi. Zilizotangulia kukauka ziwe mbele, za mwisho nyuma, ili usije ukazikuta za mwaka juzi zimegeuka unga wa bungua chini kabisa ya lundo.

Mvua zikizidi na hewa ikajaa maji, hata kuni zilizo chini ya paa hurudi kunyonya unyevu kidogo, na hapo ndipo uchaga wa juu ya jiko unapofanya kazi yake. Uchaga ni kitanda cha fito kinachowekwa juu ya moto, na joto pamoja na moshi huzikausha kuni na kuwafukuza wadudu. Uwekwe juu kupita kimo cha mtu aliyesimama, uwe mbali na makuti ya paa, usipakiwe mpaka ukapinda, na usipange juu yake makuti wala makumbi, kwani cheche moja inayoruka inatosha. Unapokaanga au unapowasha moto mkubwa wa vifuu, usiondoke jikoni.

Kila jioni baada ya kupika, teremsha kuni za kesho asubuhi kutoka uchagani na uzisimamishe kando ya mafiga, dhiraa moja kutoka kwenye majivu ya moto, halafu upandishe nyingine kutoka bandani mahali pake. Pamoja nazo weka kipande kimoja cha karara kilichochanwa chanwa, ili atakayeamka wa kwanza akikute tayari.